Riba, Kazi na Nyumba
Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka, Nawoitorong



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo kwa kawaida husemwa na watu wa benki, wala si na makarani wa kuandika hesabu za chama. Tulikubali kwa sababu moja tu. Katika kikao kilichopita lililetwa shauri kwamba chama chetu kikope fedha benki, kijenge vyumba vya kupangisha hapa Lodwar, ili kodi yake iwasaidie wajane na watoto wanaosoma. Shauri hilo ni jema, na waliolileta wana nia njema. Lakini mzee mmoja alisimama akauliza, "Hiyo riba mnayoitaja kila mara yatuhusu nini sisi? Mbuzi wangu hawajui riba." Watu wakacheka, mkutano ukafungwa, na swali la mzee halikujibiwa. Leo twataka kulijibu kwa adabu, maana jibu lake ndilo litakalotuonyesha kama yafaa tukope au tusikope.

Kwanza tuseme riba ni nini. Riba ni malipo ya kutumia fedha ya mwingine kwa muda. Jambo hili si geni kwetu kabisa. Mzee akimkabidhi rafiki yake mbuzi jike, na mvua ikanyesha vizuri, hutazamia kwamba siku moja urafiki ule utamrudishia zaidi ya mbuzi yule mmoja. Na kiangazi kikija, rafiki husema, "Ngoja mvua," naye mzee hungoja. Benki haingoji mvua. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza kati ya mkopo wa mifugo na mkopo wa fedha, na twaomba kila mmoja wetu aiweke moyoni, kwa kuwa tutairudia mwishoni.

Katika nchi yetu riba zote, kwa karibu au kwa mbali, hufuata kiwango kinachotangazwa na Benki Kuu mjini Nairobi. Mwaka 2021 kiwango hicho kilikuwa asilimia 7. Mwezi wa Mei 2022 kilianza kupandishwa, hata Februari 2024 kikafika asilimia 13. Kisha, tangu Agosti 2024, kikaanza kuteremshwa hatua kwa hatua, kikafika asilimia 9 mwezi wa Desemba 2025. Benki za biashara nazo zilifuata, ila kwa mwendo wao wenyewe: riba iliyotozwa wakopaji ilikuwa kwa wastani yapata asilimia 12 mwaka 2021, ikapita asilimia 17 mwishoni mwa mwaka 2024. Wakumbukao zaidi watakumbuka mwaka 2011, mwaka wa njaa kubwa hapa kwetu, ambapo kiwango cha Benki Kuu kilipandishwa hadi asilimia 18 katika mwezi wa Desemba. Kwa hiyo anayekopa leo hana budi kujua kwamba riba aliyotiwa sahihi si lazima iwe riba atakayoilipa miaka mitatu baadaye, kwa kuwa mikopo mingi hupanda na kushuka pamoja na kiwango hicho.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini Benki Kuu ipandishe riba na kuwatesa watu? Haifanyi hivyo kwa kupenda. Ziko sababu mbili zilizo kubwa. Ya kwanza ni bei za vitu. Mwezi wa Oktoba 2022 bei nchini zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.6 katika muda wa mwaka mmoja. Na riba ikipanda, watu hukopa kidogo, hununua kidogo, na bei hupoa. Sababu ya pili ni shilingi yetu mbele ya dola. Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri mwezi wa Machi 2022 hadi kupita asilimia 5 mwaka 2023. Wenye fedha duniani wakazirudisha fedha zao kule, dola ikawa ghali, na mnamo Januari 2024 dola moja ikauzwa kwa yapata shilingi 160. Mafuta ya gari, mbolea na ngano vyote hununuliwa kwa dola. Hivyo neno lililosemwa Washington lilifika Nairobi, na kutoka Nairobi likapanda lori la Kitale, likashuka hapa Lodwar ndani ya mfuko wa unga. Mbuzi hawajui riba, ni kweli. Lakini mwenye mbuzi ale unga, naye hulipa.

Sasa tuonyeshe njia ambazo riba hupita hata ikafika kwetu. Twaziona tatu.

Njia ya kwanza ni benki yenyewe, nayo kwetu ni njia nyembamba. Benki hukopesha kwa dhamana, na dhamana inayopendwa ni hati ya ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ardhi ya jamii, ambayo zamani ilishikwa na baraza la wilaya kwa niaba ya wananchi, na sasa yatawaliwa na Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Ardhi hiyo ni ngao yetu, maana haiwezi kuuzwa na mtu mmoja kwa tamaa yake. Lakini ngao haikubaliwi benki kama dhamana. Ndiyo sababu wengi wetu huangukia mikopo ya simu. Hapo twaomba mtusikilize vema. Iko mikopo ya simu inayotoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ada hiyo yaonekana ndogo. Lakini mtu akiirudia kila mwezi kwa muda wa mwaka, atakuwa amelipa shilingi 90 kwa kila shilingi 100 alizokopa, na deni lake la kwanza bado liko. Twabishana juu ya asilimia 13 ya benki, kumbe mfukoni mwetu tumebeba asilimia 90.

Njia ya pili ni Serikali, nayo ndiyo njia pana kuliko zote katika nchi yetu hii. Serikali nayo hukopa, tena hukopa sana. Mwezi wa Februari 2024 iliuza hati za dhamana za miundombinu kwa riba iliyopita asilimia 18, na mwezi huo huo ikakopa dola bilioni 1.5 nje kwa gharama iliyopita asilimia 10, ili iweze kulipa deni la dola bilioni 2 lililokopwa mwaka 2014. Katika mwaka wa fedha 2023/24, riba peke yake iliyolipwa na Serikali kwa madeni yake ilikuwa zaidi ya maradufu ya mgawo wa kaunti zote 47 ukijumlishwa. Sasa fikirini, wazee wetu: mwenye boma akiwa na deni la namna hiyo, ni nani atakayesubiri chakula? Watasubiri walio mbali na jiko.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2024 vijana waliandamana kupinga mswada wa kodi, mswada ukaondolewa, na mgawo wa kaunti uliokuwa shilingi bilioni 400.1 ukapunguzwa hadi bilioni 387.4. Hatusemi kwamba vijana walikosea; walikuwa na uchungu wa haki, na wengine walipoteza maisha. Twasema tu kwamba gharama ya deni haikuondoka pamoja na mswada. Ilitafuta mahali pengine pa kukaa, nayo ikakaa kwetu. Fedha za kaunti zikichelewa, mkandarasi aliyechimba kisima au aliyejenga darasa hubaki na karatasi ya madai mkononi. Kaunti zote za Kenya kwa jumla zilikuwa na madeni ya namna hiyo yaliyopita shilingi bilioni 150 kufikia katikati ya mwaka 2024.

Hebu tufuate karatasi moja tu. Mkandarasi alikopa benki kununua saruji na nondo. Hajalipwa, na riba yake yaongezeka kila mwezi, hata faida yote ya kazi ile huliwa na benki. Kwa hiyo huwaachisha kazi fundi wa mawe na vibarua sita. Fundi hukosa kodi ya chumba. Mwenye chumba hukosa karo ya mwanawe. Mama auzaye chai pale penye ujenzi hurudi nyumbani na birika limejaa. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekwenda benki kuomba mkopo, isipokuwa mkandarasi. Lakini riba imewafikia wote. Hilo, mzee wetu, ndilo jibu la kwanza la swali lako.

Njia ya tatu tumekwisha kuigusa, nayo ni bei dukani. Mwenye duka akikopa ili ajaze duka, riba yake huiweka juu ya sukari na mabati. Sisi tulio mwisho wa barabara hulipa riba ya wengi: ya msafirishaji, ya mwenye ghala na ya mwenye duka.

Baadhi ya wanachama husema, basi Serikali itunge sheria kukataza riba kubwa. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Mwezi wa Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi sheria iliyozuia benki kutoza zaidi ya pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Wakopaji wakafurahi, nasi tulifurahi. Lakini benki zilipoona kwamba haziwezi kumtoza mtu mdogo kulingana na hatari waliyoiona kwake, ziliacha kumkopesha, zikaikopesha Serikali ambayo haikimbii. Fundi, muuza samaki na mwenye kibanda wakaambiwa warudi wiki ijayo. Sheria ile iliondolewa mwezi wa Novemba 2019. Fundisho lake ni kwamba bei ndogo iliyoandikwa mlangoni haifai kitu ikiwa mlango wenyewe umefungwa. Tena, hata baada ya kufunguliwa, mlango ule haukuwa wa kila mtu.

Tuje sasa kwenye ukuaji wa uchumi. Magazeti hutuambia kwamba uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 4.7 mwaka 2024. Twafurahi. Lakini yapasa tuulize: ulikua wapi? Hesabu ya Serikali ya mwaka 2015/16 ilionyesha kwamba karibu watu 8 katika kila 10 wa Turkana waliishi katika umaskini, wakati ambapo nchi kwa jumla ilikuwa ikikua kila mwaka. Jambo hili lina historia yake. Serikali ya kikoloni iliifunga wilaya hii. Asiye na kibali hakuruhusiwa kuingia, na nchi yetu ikawa mahali pa kuwaweka watu waliohukumiwa. Mzee Jomo Kenyatta aliwekwa Lokitaung, kisha akaletwa hapa Lodwar mwaka 1959, akakaa hadi 1961. Uhuru ulipopatikana, Waraka wa Serikali nambari 10 wa mwaka 1965 ulisema kwamba fedha za maendeleo zitumiwe pale zitakapozaa mazao mengi zaidi, yaani penye mvua, reli na ardhi nzuri. Maneno hayo hayakuwataja Waturkana hata kidogo, nayo yalitupita kwa muda wa karibu miaka 50.

Kwa hiyo ukuaji uliotufikia mara nyingi ulikuwa wa kuletwa. Wazee wetu wakumbuka msaada wa Norway: barabara ya lami kutoka Kitale, na kiwanda cha samaki kule Kalokol. Watu wengi walipata kazi katika miradi ile. Mwezi wa Oktoba 1990 Serikali ya Kenya ilivunja uhusiano na Norway kwa ajili ya siasa, na miradi ikafungwa. Kazi zilizoletwa kwa ndege ziliondoka kwa ndege.

Mwezi wa Machi 2012 mafuta yalitangazwa kuonekana katika kisima cha Ngamia 1, upande wa Lokichar. Bei ya pipa wakati ule ilikuwa zaidi ya dola 100. Kazi zikaja, magari yakaja, na wenye fedha wakajenga nyumba za wageni. Lakini bei ya mafuta ilianza kuanguka mwaka 2014, na Januari 2016 pipa likashuka chini ya dola 30. Kazi zikapungua. Mwezi wa Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 hivi ilisafirishwa kutoka Mombasa, na mwaka uliofuata kazi ya kusafirisha kwa malori ikasimama. Aliyejenga kwa fedha yake alibaki na nyumba tupu. Aliyejenga kwa mkopo alibaki na nyumba tupu na deni.

Mwaka 2013 ukaja ugatuzi, nao ulikuwa mwanzo wa jambo jipya. Mgawo wetu wa mwaka wa kwanza ulipita shilingi bilioni 7, na kuanzia mwaka 2021/22 ukapita bilioni 12. Makarani, waalimu wa chekechea, wauguzi na madereva wakaajiriwa, Lodwar ikapanuka, vyumba vya kupangisha vikaota kila upande. Twamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini tusisahau kwamba mji wetu bado wategemea zaidi mshahara mmoja, wa Serikali. Mshahara ule ukichelewa mwezi mmoja, kila mwenye chumba cha kupangisha huchelewa naye.

Na ndugu zetu wa Kakuma wana mfano ulio mkubwa zaidi. Kambi ile ilianza mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa mwaka 2016. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 na shirika moja la Benki ya Dunia ulikadiria kwamba biashara ya Kakuma ilikuwa na thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka, ikiwa na maduka na biashara ndogo zaidi ya 2,000. Mwenyeji aliuza kuni, makaa na mbuzi, mkimbizi aliuza nguo, mkate na simu, wote wakapata. Sehemu kubwa ya mzunguko ule ilitokana na msaada wa chakula, na wenye maduka waliwakopesha wateja wakingoja siku ya mgawo. Mwaka 2025 nchi wafadhili zilipunguza fedha, mgawo wa chakula ukakatwa sana, na deni lililokuwa la mwezi mmoja likawa deni lisilo na siku. Mwenye duka hakuwa mwizi, wala mteja hakuwa mwizi. Msingi ambao wote wawili walisimama juu yake ndio uliohamishwa.

Bwana Mwenyekiti, sasa tuingie katika nyumba. Serikali imeweka sera mbili ambazo yapasa tuzijue. Ya kwanza ni tozo ya nyumba nafuu. Kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5, na mwajiri wake huongeza kiasi hicho hicho. Tozo hiyo ilianzishwa mwaka 2023, Mahakama Kuu ikaikataa mwezi wa Novemba mwaka huo, nayo ikarudishwa kwa sheria mpya iliyotiwa sahihi Machi 2024. Kwa kuwa walioajiriwa kati yetu hukatwa, tuna haki ya kuuliza nyumba zinajengwa wapi, na ni mafundi gani wanaopewa kazi. Sera ya pili ni kampuni iliyoundwa mwaka 2018 kwa shauri la Serikali na benki, inayozipatia benki na vyama vya akiba fedha za muda mrefu, ili wao nao wakopeshe wanunuzi wa nyumba kwa riba isiyofika asilimia 10. Hilo ni jema. Hata hivyo, katika Kenya nzima mikopo ya nyumba ni yapata 30,000 tu, na anayeomba huulizwa hati ya ardhi. Tumerudi pale pale penye ngao yetu.

Sasa twataka tuweke hesabu mbele yenu. Bei tunazotumia ni za mfano tu. Kila mmoja aweza kubadilisha tarakimu na kuona mwenyewe. Tuseme chama chakopa shilingi 1,000,000 kwa muda wa miaka mitano, na fedha hiyo yajenga vyumba vinne, kila kimoja kikipangishwa kwa shilingi 4,000 kwa mwezi. Kodi yote ni shilingi 16,000, ikiwa hakuna chumba kitupu na hakuna mpangaji aliyechelewa.

Kwa riba ya asilimia 13, malipo ya benki kila mwezi ni yapata shilingi 22,750. Kwa riba ya asilimia 18 ni yapata shilingi 25,400. Katika hali zote mbili kodi haitoshi. Chama kitalazimika kuongeza shilingi 6,750 au 9,400 kila mwezi kutoka katika michango ya wanachama, kwa muda wa miaka mitano. Fedha hiyo ndiyo hiyo hiyo tuliyokusudia kuwasaidia nayo wajane. Yaani, ili tuwasaidie kesho, tutawanyima leo.

Na kama tungepata mkopo wa miaka 20? Kwa riba ya asilimia 9, malipo yangekuwa yapata shilingi 9,000 kwa mwezi, na kodi ingetosha na kubaki. Kwa riba ya asilimia 18, malipo yangekuwa yapata shilingi 15,400, na kodi ingetosha kwa shida. Chumba kimoja kikikosa mpangaji mwezi mmoja, tumeanguka. Tena tazameni jumla: nyumba ile ile ya shilingi 1,000,000 ingetugharimu yapata 2,160,000 kwa riba ndogo, na yapata 3,700,000 kwa riba kubwa. Udongo ni ule ule, mawe ni yale yale, fundi ni yule yule. Kilichozidi ni riba peke yake.

Wako watakaosema kwamba tunawatia watu hofu, na kwamba asiyethubutu hapati. Neno hilo lina haki yake. Kukaa bila kukopa nako kuna gharama: kiwanja kilicho wazi hakileti kodi, na saruji haishuki bei kwa kusubiriwa. Tena riba imeshuka tangu Agosti 2024, na wakati wa kukopa sasa ni bora kuliko ulivyokuwa mwaka ule. Hatusemi kwamba mkopo ni dhambi. Twasema kwamba mkopo wa muda mfupi haufai kwa kitu kinacholipa kwa muda mrefu. Na kwamba mji unaotegemea mshahara mmoja hauwezi kubeba deni kama mji wenye viwanda kumi. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Kazi yetu ni kutazama matanga kabla ya kucheza ngoma ya harusi.

Kwa hiyo twaleta mashauri manne mbele ya mkutano huu.

La kwanza, tusikope fedha za kujenga kabla ya kiwanja cha chama kuwa na karatasi zake kamili. Bila karatasi tutapewa mkopo mfupi na wa riba kubwa. Tukiwa nazo, milango mingine yaweza kufunguka.

La pili, tuanze na chumba kimoja kwa akiba yetu wenyewe, na kodi yake ijenge cha pili. Tukihitaji kukopa ili kumaliza paa au choo, tuende kwanza katika chama cha akiba na mikopo, ambako mara nyingi riba huwa asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Wala malipo yasipite nusu ya kodi ambayo tayari yaingia.

La tatu, tuweke kando akiba ya miezi sita isiyoguswa, kwa ajili ya siku ambayo mishahara itachelewa. Siku hiyo itakuja. Nayo ikija, mpangaji aliyekosa mshahara tusimtupe nje, maana ni mwanachama mwenzetu, ama ndugu wa mwanachama.

La nne, tuhudhurie mabaraza ya bajeti. Katiba imetupa haki ya kusikizwa kabla fedha za umma hazijagawanywa. Tukifika huko tusiombe barabara na visima peke yake; tuombe pia kwamba madai ya wakandarasi wadogo yalipwe kwanza, kwa kuwa kila karatasi iliyolipwa hurudisha kazini fundi mmoja na vibarua wake. Hilo ni jambo la riba ambalo hata asiye na shilingi moja benki aweza kulisemea.

Mzee wetu, tumerudi kwako. Ulisema mbuzi wako hawajui riba. Ni kweli, nao wana heri. Lakini wewe wajua kiangazi, tena wakijua kuliko sisi tuliosoma vitabu. Miaka ya 2020 hadi 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana, na mifugo ikafa. Wewe hungempa mtu mbuzi wako wote katika mwaka kama ule, wala hungekubali kumlipa mtu mbuzi kila mwezi bila kujali kama mvua imenyesha. Basi benki yatutaka tulipe kila mwezi, mvua ikinyesha au isiponyesha, mshahara ukija au usipokuja. Kama tuna kisima kisichokauka, na tukubali. Kama hatuna, tuchimbe kisima kwanza.

Uamuzi si wetu makarani. Ni wenu ninyi mlioketi hapa. Sisi tumeleta hesabu tu, na daftari liko wazi mezani kwa kila mwanachama atakaye kulitazama. Mwenyezi Mungu awajalie hekima katika kupiga kura.